Kitabu Kitupu cha Wodi ya Nne

Kitabu cha Hitilafu cha Wodi ya Nne kilikuwa kisafi kupita kiasi. Bi Rula alikipekua kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka ule wa jana, na karibu miaka miwili yote ilikuwa na neno moja tu katika safu ya hitilafu: hakuna. Hakuna kitanda kilichovunjika mguu, hakuna mzani uliopotoka, hakuna taa iliyoungua. Jamani, hata nyumba ya maharusi wa juzi haikosi kijiko kilichopinda!

“Unaona mwenyewe,” alisema Mkurugenzi wa hospitali, akiegemea kiti. “Sista wa zamu ya Jumanne anadai vifaa vilikuwa na matatizo? Hajadai. Na hata angedai, kitabu kinamkana. Amekiri, ametia sahihi. Saa tisa alasiri Kamati ya Nidhamu inakaa, wewe unasoma ripoti yako, basi. Kesi nyeupe.”

Alikuwa mwanamume nadhifu, wa viatu vya kung'aa na kalamu tatu mfukoni. Wafanyakazi walimwita Shwari, lakini kisogoni, maana kila asubuhi kwenye kikao aliita wodi moja baada ya nyingine, na kila wodi ilitakiwa kujibu kwa sauti: “Shwari!” Nyuma yake, juu ya kabati, kilisimama kikombe cha Kiongozi Bora ambacho wizara ilimkabidhi Jumatatu. Pembeni yake kilining'inia cheti chenye fremu ya dhahabu, na ndani yake sentensi iliyonukuliwa kutoka kwenye ripoti ya ukaguzi ya mwaka jana: “Katika miezi kumi na moja hospitali hii haikuandika hitilafu hata moja, jambo linaloonyesha uongozi makini.”

Bi Rula aliijua sentensi hiyo. Aliiandika yeye. Jumatatu, kwenye sherehe, alikuwa amepiga makofi pamoja na wageni wenzake. Jumanne jioni, mtungi mtupu wa oksijeni ukamuua mshonaji mmoja kwenye kitanda namba sita. Leo ilikuwa Ijumaa, na wizara ilimrudisha kuchunguza, yeye mkaguzi aliyeijua hospitali hiyo vizuri kuliko wote. Ndivyo walivyoandika kwenye barua.

Jina la Rula alipewa kazini, kwa sababu ya rula ya chuma ya sentimita kumi na tano aliyotembea nayo kwenye mkoba kwa miaka ishirini na tatu. Aliwahi kumnasa mfamasia mzima kwa milimita mbili za lebo. Mtu wa namna hiyo hapendi kesi nyeupe.

“Saa hizi ni saa tatu,” alisema, akikifunga kitabu. “Nina saa sita. Naomba funguo za stoo.”

*

Mume wa marehemu alikuwa kwenye benchi la korido, nje ya mlango wa Wodi ya Nne. Alikuwa fundi viatu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa gundi na rangi. Mapajani alishika mfuko wa plastiki wenye kandambili za mkewe, ambazo wodi ilimkabidhi asubuhi hiyo.

“Pole sana, baba,” Bi Rula alisema, akaketi kando yake. “Najua umeshaulizwa mara nyingi. Niambie ulichokiona kwa macho, siyo ulichosikia.”

“Umeme ulikatika kwenye saa kumi na mbili kasoro. Ile mashine inayompa hewa ikanyamaza. Sista akaja mbio. Kulikuwa na mitungi miwili ukutani. Akainama kwenye mmoja, akapapasa shingo yake, hivi.” Aliingiza mkono ndani ya kandambili moja, akauzungusha taratibu. “Kama mimi ninapotafuta msumari ndani ya kiatu.”

“Alipata kitu?”

“Hakupata. Ndipo akauvuta huo huo.”

“Geji aliangalia?”

“Baadaye. Mshale ulikuwa umejaa, hata mimi niliuona. Akafunga mipira, akafungua koki.” Sasa maneno yakamtoka fundi viatu kwa kasi. “Mke wangu akaniambia, bado sipati hewa. Nikamwambia nyamaza wewe, tulia, mshale umejaa, usimsumbue sista. Ndilo neno langu la mwisho kwake, mama. Nyamaza wewe. Naona aibu hata kulisema.”

Bi Rula alifungua mkoba, akatoa kalamu. Aliandika kwenye daftari: *alipapasa kabla ya kutazama geji.* Akapiga mstari chini ya “kabla.”

“Ukishajua ni nani,” fundi viatu alisema, “uniambie mimi kwanza. Siyo gazeti.”

“Nitakuambia wewe kwanza.”

*

Sista alikuwa chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye ukingo wa benchi na sare yake ameikunja mapajani, vifungo juu, kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mdogo wangu. Nimesoma maelezo yako. Mistari minne tu. Mtu akipoteza leseni ya miaka kumi huandika zaidi ya mistari minne.”

“Nimekosa. Nilipoingia zamu Jumanne mchana nilitakiwa nifungue koki ya kila mtungi, nisikilize kama hewa inatoka. Sikufanya. Niandike nini kingine?”

“Ulikuwa likizo kabla ya hapo?”

“Mapumziko ya siku tatu.”

“Na jioni ile, kwenye shingo ya mtungi, ulikuwa unatafuta nini?”

Sista aliinua uso kwa haraka, akauinamisha kwa haraka vilevile. “Vumbi.”

“Mtu anakata roho, wewe unatafuta vumbi?”

Vidole vya sista vikaanza kuchezea vifungo vya sare.

“Mama, andika tu kwamba nimekosa. Mimi sina mtoto. Wenzangu wana watoto.”

Ahaa. Wenzangu. Bi Rula aliliweka neno hilo kiporo, hakulisumbua. Alisimama, akafika mlangoni, akageuka.

“Tumeshawahi kuonana mimi na wewe?”

“Mara moja,” sista alisema bila kumtazama. “Hukuwa na nafasi.”

*

Mtunza stoo, Mzee wa Stoo kwa wote, alimkaribisha kwa bashasha ya mtu mwenye umbea uliokaribia kuoza kwa kukosa wa kumpa.

“Huyo sista? Hee! Kaa hapa nikuonyeshe.” Akafunua daftari la kutolea vifaa. “Plasta. Wodi ya Kwanza, roli nne kwa mwezi. Ya Pili, nne. Ya Tatu, tano. Haya, Wodi ya Nne?” Akagonga ukurasa kwa kidole. “Kumi na mbili! Kumi na mbili, mama! Na wodi yenyewe ya wagonjwa wa kifua, hawana hata kidonda. Sahihi ya nani hiyo? Ya kwake. Miezi yote.”

“Zinakwenda wapi?”

“Mimi si mtu wa kusema watu,” alisema Mzee wa Stoo, akavuta kiti karibu ili aseme watu vizuri. “Ila anaye shemeji mwenye duka la dawa. Jumlisha mwenyewe.”

Bi Rula alijumlisha. Kwa dakika kama kumi hivi hesabu ilikubali: sista mwizi, mwenye haraka ya kukiri kosa dogo ili asichunguzwe kubwa. Aliandika hata kichwa cha ukurasa, *wizi wa plasta*. Kisha akaona kitu ambacho hakikukaa sawa. Rafu ya pili ilikuwa na sindano, ya tatu ilikuwa na dawa za kifua za bei mbaya, na kwenye daftari lile lile Wodi ya Nne haikuwa imezidisha hata kidonge kimoja. Mwizi gani huyo anayeingia nyumbani kwa watu akaacha redio, akabeba kifuniko cha sufuria?

Alikifuta kichwa cha ukurasa. “Mtungi wenyewe uko wapi?”

Ulikuwa nyuma ya wavu, umefungwa kwa utepe wa walinzi wa hospitali. Mzee wa Stoo alifungua kufuli. Mshale wa geji ulikuwa bado unaonyesha umejaa, muongo mkubwa. Bi Rula aliugonga kwa kucha, haukutikisika. Hakupoteza muda nao. Alivua saa, akafunga macho, akaupapasa mtungi shingoni, taratibu, kama fundi viatu alivyomwonyesha.

Vidole vilinata.

Alifungua macho, akawasha tochi. Rangi ya mtungi ilikuwa safi, imefutwa mpaka inang'aa. Lakini shingoni, mahali pa kunata, vumbi la siku nne lilikuwa limeganda na kuchora mistatili mitatu, imepangana kama vidole. Alitoa rula. Upana, sentimita mbili na nusu. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo.

“Mzee, nipe roli moja ya plasta.”

Aliipima. Sentimita mbili na nusu.

“Kumbe plasta hazikutoka nje ya hospitali,” alisema. Mzee wa Stoo alichungulia ile mistatili mitatu. Umbea wake ulikuwa umemfia mikononi.

*

Aliingia Wodi ya Nne akiwa ameinama, rula mkononi, na wagonjwa wakamtazama wakidhani amedondosha hereni. Kwenye mguu wa mzani alikuta alama moja ya gundi. Alipanda mzani: ulimwongezea kilo mbili, na yeye alijijua kilo zake. Kwenye mashine ya kupimia presha palikuwa na alama mbili. Mpira wake ulivuja akiuminya. Nyuma ya kiti cha magurudumu palikuwa na alama tatu. Alikisukuma kidogo tu, gurudumu likachomoka, likabingirika mpaka chini ya kitanda namba sita, kilichokuwa kitupu.

Wauguzi wawili wa zamu walimwona. Mmoja alijifanya anahesabu vidonge, lakini alihesabu vile vile vitano mara tatu.

Plasta moja, angalia. Mbili, usikiamini. Tatu, kimekufa. Bi Rula alihesabu alama ishirini na sita kwenye wodi moja, chache kati yake zimefunikwa plasta mpya, na furaha ya kazi ikampanda kichwani, ile furaha ya kuona fumbo linafunguka. Kitabu kitupu kilikuwa na ndugu yake wa pili, aliyejaa, na ndugu huyo alikuwa ameandikwa kwenye vyombo vyenyewe. Watu hawa hawakuwa wazembe hata kidogo. Walikuwa wakiambiana kila kitu, ila hakuna aliyemwambia mkubwa.

Kisha akamwona fundi viatu kupitia kioo cha mlango, na mfuko wake, na furaha ikamtoka yote. Swali lilibaki moja: nani amezibandua?

Jibu lilikuwa kwenye korido, linapiga deki. Mfagizi wa wodi hiyo, mwanamke mnene wa makamo, waliyemwita Mama Dekio, alikuwa na vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyofungwa bandeji.

“Pole, mama. Umeumia nini?”

“Kucha zimeng'oka.”

“Kwa kubandua plasta?”

Dekio lilisimama. Mama Dekio aliangalia huku na huku, akalitumbukiza ndooni.

“Niliagizwa. Toka ofisini, Jumatatu alfajiri. Walisema wageni wanakuja, hospitali isionekane kama imefungwafungwa vidonda. Nikabandua zote, nikafuta kwa maji ya moto na sabuni. Mpaka kucha zikang'oka.”

“Ulijua maana yake?”

Alilikamua dekio. “Nilijua.”

“Ukanyamaza.”

“Ningesema wapi?” Sauti ilimpanda. “Mwaka juzi niliandika kwenye hicho kitabu chao kwamba bomba la choo limepasuka. Asubuhi yake nikaitwa kikaoni. Hapa ukiandika, unasimama. Nikasimama mbele ya watu mia na ishirini, mtu mzima kama mimi, naulizwa kwa nini naiangusha hospitali. Wodi nzima ikanyimwa siku yake ya mapumziko ya mwisho wa mwezi kwa ajili yangu. Mwanangu anafanya kazi maabara, alikuwa pale pale. Alitazama viatu vyake mpaka kikao kikaisha. Tangu siku hiyo hakuna anayeandika. Tunabandika.”

“Na baada ya wageni kuondoka?”

“Zamu ya jioni walirudishia zile walizozikumbuka. Ule mtungi ulibandikwa sista akiwa hayupo, na mwenzake ambaye naye alikuwa amekwenda zake mapumziko. Ukasahaulika. Mficha maradhi, mama, kifo kitamuumbua. Kimetuumbua sote.”

“Wageni hao,” Bi Rula aliuliza, “walikuwa kina nani?”

Mama Dekio alimtazama kwa mshangao, karibu kwa huruma. “Si nyie? Wewe ulikaa kiti cha tatu. Nilipopita na ndoo ukanipungia mkono.”

*

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Sista alikuwa bado pale pale, kana kwamba benchi limemshika.

Bi Rula aliweka roli ya plasta juu ya sare iliyokunjwa. Sista aliitazama, mabega yakamshuka.

“Ulipapasa shingo ya mtungi ukitafuta hii. Hukuikuta. Ukaamini ni mzima.”

“Ningefungua koki, nisikilize,” sista alisema. “Ni sekunde tano. Tumezoea plasta mpaka tumesahau masikio. Hilo ni langu, mama, usiniondolee. Lakini wenzangu usiwaandike. Nilikuwa nachukua plasta mimi, kwa sahihi yangu, ili wasisimamishwe wao.”

“Mdogo wangu, kwa nini hukuwahi kumwambia mtu wa nje? Wizara ipo. Ofisi yetu ipo.”

Sista alimtazama sasa moja kwa moja, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hapakuwa na hasira machoni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Nilimwambia. Mwaka jana, mlipomaliza ukaguzi. Nilikufuata mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimevaa barakoa, ndiyo maana hunikumbuki. Nikakuambia, mama, naomba dakika moja, kuna mambo ya vifaa. Ulikuwa umeshafungua mlango. Ukaniambia—”

“Andika kwenye kitabu,” Bi Rula alisema.

Lilimtoka lenyewe. Sura hakuikumbuka, lakini maneno aliyajua, kwa sababu aliyasema kila hospitali, kwa kila aliyemfuata kwenye gari, miaka ishirini na tatu. *Andika kwenye kitabu.* Kisha yeye huyo huyo akakifungua kitabu, akakikuta kitupu, akampa mtu sifa kwa utupu wake.

Uso ulimchoma kuanzia shingoni mpaka kwenye mzizi wa nywele. Aliona aibu kama ya mtoto aliyejikojolea darasani. Hakujua mikono aiweke wapi. Kwa rula alipima plasta, alipima lebo, alipima nyufa za kuta za watu. Nyani haoni kundule.

“Uliandika?” aliuliza.

“Nilirudi ndani,” sista alisema. “Nikachukua plasta.”

*

Kamati ya Nidhamu ilikuwa na watu watano na mwenyekiti, daktari mstaafu mwenye miwani minene. Sista alikaa peke yake upande wa pili wa meza. Fundi viatu alikuwa kiti cha nyuma, kwa niaba ya familia. Barua ya kumfukuza kazi sista na kupendekeza afutiwe leseni ilikuwa imeshachapwa. Ilisubiri sahihi tu. Mkurugenzi alikuja na Kitabu cha Hitilafu chini ya kwapa, kama ushahidi.

Bi Rula alieleza kwa mpangilio, bila kupandisha sauti: geji iliyokwama, mistatili mitatu ya gundi, alama ishirini na sita, agizo la Jumatatu alfajiri. Majina ya waliobandika hakuyataja. Aliposema “ukiandika, unasimama,” wajumbe wawili walitazama meza.

“Mimi sijawahi kumkataza mtu yeyote asiandike!” Mkurugenzi alisema. “Hata siku moja. Nionyesheni barua. Nionyesheni waraka.”

“Hakuna waraka,” Bi Rula alisema. “Uliwasimamisha tu.”

“Nilitaka wawajibike! Mnajua nilivyoikuta hospitali hii? Malalamiko kila siku. Nilipoanza kuuliza watu hadharani, malalamiko yakaisha. Mwezi wa kwanza tu. Nikajua tumepona.” Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeamini, halafu akayasikia maneno yake mwenyewe. Alifungua kitabu, akafunua kurasa mbili tatu, hakuna, hakuna, hakuna, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. “Kila asubuhi waliniambia shwari,” alisema, sasa taratibu. “Watu mia na ishirini. Wote walikuwa wananidanganya usoni?”

Mkurugenzi alikunja midomo, kisha akakumbuka ngao yake ya mwisho.

“Na wewe je? Sentensi iliyo ukutani kwangu ni ya nani? Kikombe nilijipa mwenyewe?”

“Hapana,” Bi Rula alisema. “Nilikupa mimi. Naomba hicho kitabu.”

Alikipokea, akakifungua ukurasa wa leo. Wodi ilikuwa haijajaza. Alitoa kalamu, akaweka rula chini ya mstari, na akaandika safu baada ya safu huku watu wakisikiliza kalamu inavyokwaruza. Alipomaliza, alisogeza kiti nyuma, akasimama.

“Kaa tu, Bi,” mwenyekiti alisema. “Unaweza kusoma ukiwa umekaa.”

“Hapa anayeandika anasimama.”

Alimgeukia fundi viatu kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu alikuwa amemwahidi kumwambia yeye kwanza, na akasoma.

“Kifaa: Kitabu cha Hitilafu. Hitilafu: hakiandikwi, kwa sababu ya hofu na aibu. Aliyetoa taarifa: muuguzi wa Wodi ya Nne. Tarehe ya taarifa…” Alisoma tarehe ya ukaguzi wa mwaka jana. Sista aliinua kichwa. “Aliyepokea taarifa.” Hapo alitaja jina lake kamili, lile la nyumbani, ambalo hakuna mtu kwenye chumba hicho aliyewahi kulisikia. Kisha akafika safu ya mwisho.

“Hatua iliyochukuliwa: hakuna.”

Fundi viatu alimtazama muda mrefu. Hakusema amesamehe, hakutukana. Aliuweka mfuko wa kandambili sakafuni, polepole, akaendelea kutazama.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akairudisha barua ya kufukuza kwenye faili bila kuitia sahihi. “Ripoti yako ya mwisho tutaipata lini?”

“Kwangu hamtaipata, Dokta. Wizara itafute mpelelezi mwingine.” Aliisukuma rula katikati ya meza, pamoja na daftari lake. “Mimi ni shahidi. Anzeni na mimi.”